Kishikwambi katika depo ya madini
Kwa mfanyabiashara wa Kolwezi, makao makuu ya Lualaba nchini Kongo (DRC) tangu jimbo hilo lilipotengwa na Katanga mwaka 2015, programu ya kishikwambi haifai kupimwa kwa madoido yake, bali kwa kazi inayoifanya mtandao unapokatika. Mnunuzi katika soko la madini la Musompo, karibu na Kolwezi, ambaye bei yake hutegemea uzito, unyevu na kiwango, yaani asilimia ya shaba au kobalti iliyomo katika mawe, anahitaji kwanza lahajedwali, yaani jedwali linalokokotoa lenyewe, lenye safu za dola na faranga, na linalohifadhi hesabu bila intaneti. Huduma za pesa kwa simu, M-Pesa na Airtel Money, zifuate baadaye, kwa kuwa malipo yasiyoandikwa daftarini huzaa ugomvi.