MALIPO YA UZEENI NA WAKATI WA KUONDOKA KAZINI

Katika maofisi ya Arusha hakuna neno litajwalo na watumishi waliokaribia uzee kama neno "kikokotoo". Katika sikukuu ya wafanyakazi ya Mei Mosi 2024, iliyofanyika kwa taifa zima katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid hapa mjini, jambo hili lilisemwa waziwazi. Na mwezi wa Juni mwaka ule ule Serikali ikatangaza Bungeni kwamba mkupuo wa watumishi wake utatoka 33 na kufika 40 katika mia. Wengi walifurahi. Sisi nasi twashukuru, maana twaikumbuka ile 25 ya mwaka 2018, ambayo Rais Magufuli aliisimamisha mwezi wa Desemba kwa manung'uniko ya watu. Lakini furaha hii twaona haijapigiwa hesabu.

Natumtazame karani aliyetumika miezi 360, ambaye wastani wa mishahara yake ya miaka mitatu iliyo bora ni Shs. 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 360, ugawanye kwa 580: hutoka kama Shs. 4,469,000, ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Mkupuo ni 40 katika mia ya hizo mara 12.5, yaani 22,345,000 hivi, na kila mwezi atapokea 223,400. Kwa ile 33 angalipata mkupuo wa 18,434,000, na kila mwezi 249,500. Basi ametangulizwa 3,910,000, akapunguziwa 26,000 kila mwezi maisha yake yote. Hesabu mbili hizo hulingana baada ya miezi 150. Aliyeondoka na miaka 60 akipita miaka 72 na nusu, ile 40 imempunguzia, isipokuwa fedha za mbele ziwe zimezaa. Na wazee wa Meru, tuwaonao sokoni Tengeru wakibeba ndizi zao wenyewe, hawana haraka ya kufa.

Kiasi cha mkupuo hatukichagui sisi; sheria imekichagua. Tulichoachiwa ni wakati. Mtumishi aweza kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Kwa karani wetu yule kila mwezi anaoongeza kazini huzidisha mkupuo kwa Shs. 62,000 hivi. Tena aliyepandishwa cheo juzi akaondoka mwakani hujinyima mwenyewe, kwa kuwa wastani huchukuliwa katika miezi 36, na mshahara mpya utakuwa umeingia katika michache tu. Naye asiyetimiza miezi 180 ya michango asitazamie pensheni ya kila mwezi.

Kuhusu kodi, wenzetu wa Kenya walikuwa wakisamehewa 600,000 za kwanza tu za mkupuo, hata sheria ya Desemba 2024 ilipowaondolea kodi wale waliofikia umri wa kustaafu. Huku kwetu mstaafu atazame zaidi kodi ile imngojayo fedha zikiisha kuwekwa mahali. Riba ya amana ya benki hukatwa 10 katika mia. Riba ya hati fungani za Serikali za miaka mitano na kuendelea haikatwi, nazo hununuliwa kuanzia Shs. 1,000,000. Mwenye kujenga vyumba vya kupangisha Sokon au Usa River akumbuke kwamba kodi ya pango nayo ina fungu lake. Na mwenye kununua gari la abiria kwa mkupuo wote, kwa kuwa shemeji amemshauri, hatuna la kumwambia.

Kwa hiyo twaomba Chama chetu kiuandikie Mfuko wa PSSSF, kila mtumishi apelekewe hesabu yake kwa maandishi miezi kumi na miwili kabla ya kuondoka, ikionyesha miezi iliyohesabiwa, mishahara iliyotumika, na atakachopata akingoja mwaka mmoja zaidi. Barua hiyo isomwe katika mkutano ujao wa tawi, na wenye nyaraka za ajira zilizopungua wazilete siku hiyo hiyo.