Adui Hapimwi kwa Kilo

Mpwa wangu na wenzake wanne wameligeuza baraza letu bunge, na Jumamosi iliyopita hoja ilikuwa Batman. Filamu ya Matt Reeves ilitoka 2022, mwendelezo wake umepangwa kutoka Oktoba 2027, na vijana hawa wameshauandika wote vichwani mwao. Mmoja anamtaka Joker awe adui. Wa pili anasema Joker amechosha, aletwe Mr. Freeze. Wa tatu ndiye msomi wao, maana husoma vitabu vya katuni vyenyewe, na anapigania lile baraza la siri la matajiri wa Gotham wanaovaa vinyago vya bundi. Mabishano yalipamba moto mpaka mama yake mpwa wangu akachungulia dirishani kuona kama kuna ngumi.

Halafu msomi akasema neno lililowatuliza wote. "Batman keshampiga Riddler. Huwezi tena kumletea mtu mdogo kuliko Riddler, utakuwa umemshusha daraja. Au nakosea, anko?"

Sikumjibu pale pale. Lakini anakosea, na hayuko peke yake. Imani kwamba filamu ya pili lazima ilete adui mzito kuliko wa kwanza, na ya tatu mzito kuliko wa pili, imeenea kwa mashabiki kama maji ya mafuriko: imeingia kila chumba na kila mtu ameizoea hadi anaweka ndoo tu. Trela ikitoka, swali ni moja: adui nani? Akitajwa, wanaanza kumpima. Anainua tani ngapi? Katika vitabu aliwahi kumpiga nani? Kana kwamba tunapanga pambano la ndondi, bingwa wa mkoa akutane na wa taifa, wa taifa na wa dunia.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na sheria moja ya sinema, na ilitosha. Steringi hafi. Unaingia na sarafu yako, unabanana kwenye benchi, joto linakukausha, televisheni ina mistari inayopanda na kushuka. Steringi amening'inia kwenye helikopta kwa mkono mmoja, risasi zinamiminika. Watoto wanapiga kelele. Kutoka benchi la nyuma inatoka sauti ya mtu mzima aliyeshiba uzoefu: tulieni, steringi hafi. Na kweli hafi. Sikumbuki hata mara moja mtu akidai arudishiwe hela yake kwa sababu hiyo.

Ifuate sheria hiyo mpaka mwisho wake uone inakopeleka. Kama steringi hafi, na sote tunajua hafi, basi ukubwa wa adui unamtisha nani? Adui wa kilo mia na adui wa kilo elfu wote watashindwa. Anayebeba bunduki atashindwa, anayebeba sayari atashindwa. Kinachoweza kututia wasiwasi ni kile ambacho steringi atakipoteza akiwa hai: rafiki, jina, nyumba, imani yake juu yake mwenyewe. Na mwenye uwezo wa kumnyang'anya hivyo mara nyingi si mtu mkubwa hata kidogo. Ni mtu anayejua pa kushika.

Captain America: Civil War, ya 2016, inaicheka imani hii waziwazi, na sijui kwa nini mashabiki hawakuusikia mcheko ule. Katikati ya filamu tunaambiwa kwamba huko Siberia kuna askari watano waliogandishwa kwenye barafu, wauaji waliotiwa dawa, kila mmoja hatari kuliko Bucky, yule mmoja tuliyemjua. Steve Rogers, ndiye Captain America, na Bucky wanakimbilia huko kuwazuia wasiamshwe. Tony Stark, shujaa mwenzao, anawafuata. Mtazamaji anakunja mikono ya shati: sasa ndiyo vita yenyewe. Wanafika, taa zinawaka, na watano wale wamekufa ndani ya matangi yao, kila mmoja na risasi yake. Aliyewaua ni Zemo, afisa wa Sokovia, mtu asiye na nguvu yoyote ya ajabu, ambaye baba yake, mke wake na mwanawe walifukiwa na kifusi mashujaa hawa walipokuwa wakiiokoa dunia. Hakuwahitaji wale watano. Alichokuja nacho ni mkanda wa video.

Mkanda ni wa tarehe 16 Desemba 1991. Kamera ya barabarani, usiku, picha ya chenga. Gari limegonga mti. Mzee anatambaa nje, anauawa; mke wake anauawa ndani ya gari. Ni baba na mama yake Tony, na muuaji ni Bucky, aliyesimama hatua chache kutoka alipo Tony. Tony anamgeukia rafiki yake Steve na kumuuliza kama alikuwa anajua. Steve anapepesa maneno kwanza, kisha anakiri. Basi. Kundi la mashujaa ambalo jeshi la kutoka angani halikuliweza linavunjika kwa kukiri kule. Zemo hata hakusubiri kuangalia ngumi. Yuko nje kwenye theluji, anasikiliza sauti ya marehemu mkewe kwenye simu. Filamu hiyo ndiyo iliyoongoza kwa mapato duniani mwaka ule, zaidi ya dola bilioni 1.1, kwa hiyo asije mtu akaniambia watu hawataki adui mdogo.

Na wala jambo hili si geni kwetu. Tunaye steringi wetu wa pwani, Fumo Liyongo, ambaye chuma hakikumwingia. Mfalme wa Pate, aliyetaka afe, alianza kama msomi wa barazani kwetu, kwa hesabu ya wingi. Wakapangwa watu wamtie mishale atakapokuwa juu ya mkoma akiangua. Liyongo akabaki chini, akayaangua makoma kwa mishale yake. Kundi zima likaambulia patupu. Aliyemuua ni mwanawe, kwa sindano ya shaba aliyomchoma kitovuni akiwa usingizini, na siri ya sindano ile mtoto aliipata kwa baba mwenyewe. Liyongo akaamka, akaenda kisimani, akapiga goti na upinde mkononi, akafia pale pale, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Hebu mwondoe mwana, umweke jitu la vichwa saba. Nani angekuwa anamsimulia Liyongo leo?

Narudi Marekani, kwenye duka la makosa. Sam Raimi alitengeneza Spider-Man 2 mwaka 2004 na adui mmoja, Dokta Octopus, mwanasayansi aliyefiwa na mkewe kwenye jaribio lake mwenyewe. Mikono minne ya chuma na majuto, hivyo tu. Kwa filamu ya tatu, 2007, Raimi alikuwa amemchagua Sandman. Watayarishaji wakamshawishi amwingize Venom, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mashabiki wanamtaka. Raimi hakumpenda Venom, na baadaye alisema wazi kwamba filamu ile haikumridhisha. Ukiongeza Harry Osborn anayelipiza kisasi cha baba yake, maadui wakawa watatu wanaogombea dakika kama abiria wa daladala ya mwisho. Sandman, aliyekuwa na binti mgonjwa na sababu ya kuiba, akasukumwa pembeni. Venom, aliyeombwa kwa miaka, akaingia mwishoni na kufa kabla hatujamzoea.

Sitaficha kwamba filamu ile ilichuma kuliko ile ya pili, karibu dola milioni 895 dhidi ya milioni 789 hivi. Hesabu hizo hutajwa sana na wanaotetea wingi. Lakini shabiki hununua tiketi kabla ya kuona. Anayelipia adui mbovu ni filamu inayofuata, na inayofuata haikuwapo: Januari 2010 mpango wa Raimi wa filamu ya nne ukafutwa. Studio ile ile ikaanza upya na steringi mwingine, na kufikia 2014 ilikuwa imerudia kosa lile lile kwa nguvu zaidi, Electro, Rhino na Green Goblin kwa mpigo mmoja, huku ikiandaa filamu ya maadui sita. Hao sita hawakuwahi kukutana.

Lakini mwalimu wa kweli wa somo hili ni Kang. Huyu aliletwa kwa hoja ya ukubwa mtupu. Thanos, adui wa Avengers aliyemtangulia, aliua nusu ya viumbe wa ulimwengu mmoja. Haya basi, huyu hapa anatawala nyakati zote na malimwengu yote. Julai 2022 ikatangazwa filamu nzima ya Avengers yenye jina lake. Februari 2023 akatoka katika filamu ya tatu ya Ant-Man, na huyo mtawala wa nyakati zote akazidiwa na sisimizi. Sitanii, ni sisimizi wakubwa wenye akili, wamemvamia kama walivyovamia sukari yangu wiki hii. Kisha, baada ya majina ya waigizaji kupita, tukaonyeshwa uwanja uliofurika maelfu ya Kang, wote wanapiga kelele. Mmoja ameshindwa, basi chukueni elfu! Sijaona imani ikijifedhehesha vizuri namna ile.

Mwigizaji wake alipotiwa hatiani mahakamani Desemba 2023, studio ikamwacha, na wengi husema hilo ndilo lililomwua Kang. Kang alikuwa ameshakufa zamani. Kila nilipowauliza vijana wangu Kang anataka nini, walinitajia anachoweza. Julai 2024, San Diego, Robert Downey Jr. akavua kinyago mbele ya mashabiki, na ikajulikana kwamba adui mpya ni Doctor Doom. Ukumbi ukalipuka. Hapo angalau hesabu imebadilika: kilo zimeshindwa, sasa tunapimiwa sura tuliyoipenda. Huenda wakatengeneza kitu kizuri, Doom wa vitabuni ana kiburi na jeraha la kutosha filamu tano. Ila shangwe zile zilikuwa za Downey.

Najua jibu la msomi, maana alishanipa: "Na Thanos je, anko? Si ndiye mkubwa kuliko wote?" Ni kweli. Mwaka 2012 alitabasamu mara moja tu mwishoni mwa filamu ya kwanza ya Avengers, na mashabiki wakamsubiri miaka sita. Lakini jiulize ni nini umekibeba kutoka filamu aliyokuja nayo, Infinity War. Nusu ya ulimwengu iligeuka vumbi, na wengi wetu tulijua watarudi, mwendelezo ulikuwa umeshatangazwa. Mimi nilibeba vitu viwili. Thanos kwenye ukingo wa jabali, akilia kabla ya kumtupa binti aliyemlea, kwa kuwa jiwe analolitafuta halipatikani ila kwa kutoa unayempenda. Na Peter Parker, Spider-Man aliye mtoto wa shule, amemng'ang'ania Stark mabegani huku akiyeyuka. Ondoa mambo hayo mawili, utabaki na jitu la zambarau lenye kidevu cha mikunjo na vito vya thamani.

Mashabiki wenyewe tuna rekodi mbovu ya ubashiri, na ingetupasa tuone haya kidogo. Heath Ledger alipotangazwa kuwa Joker mwaka 2006, kelele zilikuwa nyingi kwamba hafai. Alifariki Januari 2008, filamu yake ya Batman ikatoka Julai, na mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Oscar akiwa kaburini. Joker wake hana nguvu yoyote. Ana visu, petroli, na uhakika kwamba mwendesha mashtaka mwadilifu kuliko wote Gotham anaweza kugeuzwa muuaji. Akamgeuza. Batman hakushindwa kwa ngumi katika filamu ile, na bado ndiye anayekimbia mwishoni akifukuzwa na mbwa wa polisi.

Sasa wale wa barazani. Kilichowasha mabishano yao ni tukio la dakika moja. Mwishoni mwa filamu ile ya 2022 Riddler yuko kwenye chumba cha wafungwa, analia, na mfungwa wa chumba cha jirani, ambaye uso wake hauonekani vizuri, anamfariji na kuanza kucheka. Ni Joker. Toka hapo hakuna aliyemkumbuka Riddler tena, na hili ndilo linaloniuma. Riddler yule ni mhasibu. Ni yatima aliyelala na panya kwenye kituo kilichofadhiliwa na ukoo wa Wayne, fedha za ufadhili zikaliwa na wakubwa wa mji, na siku zote akamwona Bruce Wayne, yatima mwenzake, akipigiwa picha kwenye kasri. Vijana wanamwita adui mdogo.

Nilichofanya Jumamosi ile, baada ya chai, ni kuchukua kompyuta ya mpwa wangu na kuirudisha filamu nyuma, kabla ya ule mcheko. Ukumbi umejaa watu waliokimbia mafuriko. Wafuasi wa Riddler wako juu na bunduki, na Batman anamponda mmoja wao mpaka polisi Gordon anamvuta. Gordon anamvua yule mtu kinyago. Ni kijana tu, uso wa kawaida, angeweza kuwa mteja wa duka la kona. Gordon anamuuliza yeye ni nani, na kijana anajibu kwamba yeye ni kisasi.

Nikasimamisha picha. Msomi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukumbuka kwamba hilo ni jina ambalo Batman alijipa mwenyewe mwanzoni mwa filamu, kule kituo cha treni, alipoulizwa swali hilo hilo na wahuni. Akasogeza kiti karibu na kompyuta.

"Rudisha tena, anko," akasema.