Bodaboda Getini, Ratiba Ofisini

Chuo kimoja cha jijini Dar es Salaam kimezuia bodaboda na bajaji kuvuka geti. Tangazo lina mistari michache na mhuri mkubwa: abiria washukie nje. Ni uamuzi wa kivivu, na wanaoulipia ni wanafunzi.

Sababu zilizotolewa ni zilezile: ajali, kelele, simu kukwapuliwa. Sizikatai. Madereva wanaopita kasi mbele ya madarasa wapo, na mlinzi hawezi kumkagua kila mmoja.

Lakini tangazo halikuuliza nani amempandisha mwanafunzi kwenye pikipiki. Ni ratiba. Chuo ndicho kinachopanga kipindi cha saa moja asubuhi, kikijua mwanafunzi amepanga chumba Kimara au Mbezi kwa kukosa nafasi bwenini. Chuo hichohicho kinampangia kingine saa kumi na mbili jioni, kinamwachia saa mbili usiku. Katikati anashinda chini ya mwembe, maana kurudi nyumbani ni nauli mara mbili. Mwenye ratiba anahesabu vyumba vya mihadhara, mkuu wa ulinzi anahesabu pikipiki, na hakuna anayehesabu safari za mwanafunzi. Halafu wanashangaa foleni ya bodaboda getini, kana kwamba imeshuka na mvua!

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata hosteli za Magufuli palepale Mlimani, zenye nafasi 3,840. Zilihesabiwa kuwa mradi wa malazi. Lakini kila aliyepata kitanda pale aliachana na kugombea daladala asubuhi. Vivyo hivyo, kila kitanda kinachokosekana ni abiria mmoja barabarani, na abiria akichelewa atapanda chochote kinachosimama.

Sasa binti anayetoka maabara usiku anaambiwa atembee gizani mpaka getini, eti kwa usalama wake. Magari ya wakubwa yanampita njiani, hayaulizwi kitu, na yametengewa maegesho yenye kivuli. Hivi gari la mkubwa haligongi mtu? Kama hoja ni ajali, matuta yangewekwa kwa wote. Kilichozuiwa hapa ni usafiri wa asiye na gari.

Ratiba ya muhula ujao bado haijabandikwa. Vipindi vya jioni virudishwe mchana kwa wanaoishi mbali, na mpaka hapo geti liachwe wazi.