Kiti Kimoja Hakitoshi

Mkazi wa Mbebe, mkoani Songwe, afikapo Tunduma huona misururu ya malori yakiteremsha shaba ya Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam. Shaba hiyo huendesha viwanda vya ng'ambo. Hata hivyo, nchi inayoichimba ilisubiri zaidi ya miaka miwili ili wakubwa wa dunia wakubaliane jinsi ya kuipunguzia mzigo wa madeni.

Novemba 1975 nchi sita zenye viwanda zilikutana Rambouillet, Ufaransa, na tangu hapo wakubwa wamezoea kuamua mambo ya dunia nzima faraghani. Mwaka 2005, huko Gleneagles, Scotland, waliahidi kuongeza misaada kwa Afrika kwa dola bilioni 25 kwa mwaka ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika, ahadi haikutimizwa.

Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya hati zake za mkopo. Mwezi huo huo Kundi la Nchi Ishirini lilitangaza Utaratibu wa Pamoja wa kushughulikia madeni ya nchi maskini. Zambia iliomba mapema mwaka 2021. Mapatano na serikali zinazoidai, kuhusu dola bilioni 6.3, yalipatikana Juni 2023. Sababu ni dhahiri: utaratibu huo haukuweka kikomo cha muda, wala haukuwa na nguvu ya kuwashurutisha wadai binafsi. Kila mdai alimvizia mwenzake.

Wapo wanaosema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na serikali zilizokopa bila hadhari haziepuki lawama. Lakini ni tabibu gani amwachaye mgonjwa barazani miaka miwili, huku akibishana na wenzake juu ya ujira wao?

Wengine wanashangilia kwamba Septemba 2023, mjini New Delhi, Umoja wa Afrika ulipewa kiti katika Kundi hilo. Kiti hicho ni hatua, si ushindi. Kundi halina mkataba wala sekretarieti ya kudumu, na maazimio yake hayamfungi yeyote. Novemba 2025 lilipokutana Johannesburg, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, Marekani ilisusa.

Kwa hiyo Umoja wa Afrika hauna budi kukitumia kiti hicho kwa dai moja lisilogawanyika: mapatano ya madeni yawekewe muda maalumu, malipo yasimamishwe mazungumzo yakiendelea, na wadai binafsi wabanwe kwa masharti yale yale. Dai hilo lipelekwe pia katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako kila nchi ina kura moja, ili uandaliwe mkataba wenye nguvu ya sheria. Tume ya Nchi za Kusini, iliyoongozwa na Mwalimu Nyerere, ilikwisha kuhimiza mshikamano wa namna hiyo mwaka 1990.

Mwalimu darasani na mtumishi ofisini wana wajibu wa kuwafafanulia wananchi jambo hili. Mwenye njaa hashibi kwa kukaribishwa mezani.