Saa Zetu Tuziandike Wenyewe



Katika viwanda na mashamba yetu limezuka jina jipya. Fundi mitambo, fundi umeme au mchomeleaji aliyepunguzwa kazini huitwa tena baada ya miezi michache kutengeneza mashine ile ile aliyoizoea. Lakini sasa haitwi mfanyakazi, anaitwa "mtaalamu wa kujitegemea". Hana likizo wala matibabu, na mwisho wa mwezi haendi kupanga foleni ya mshahara, anatakiwa alete ankara. Hapo ndipo wenzetu wengi wanapopunjwa, na sisi tunasema sababu kubwa ni moja: aliyefanya kazi hakuandika saa zake.

Jambo hili si geni. Enzi za ukoloni, manamba waliotoka Urundi na Msumbiji kwenda kukata mkonge Tanganyika walipewa kipande cha siku 30. Hizo hazikuwa siku za kalenda. Siku ambayo mtu hakumaliza kazi aliyopimiwa haikutiwa alama, na mshahara ulingojea alama zitimie. Kipande kilikaa mfukoni mwa mkata mkonge, bali kalamu ilikaa mkononi mwa nyapara.

Fundi wa leo kalamu anayo, ila haitumii. Natufanye hesabu. Fundi anaingia kiwandani saa 2 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, akipumzika saa moja kula. Hizo ni saa 9 za kazi. Katika hizo, saa 3 amekaa akingojea beringi kutoka stoo au umeme urudi. Bwana meneja anasema atalipa saa 6 tu za kushika spana. Mambo yakiendelea hivyo siku sita za juma, fundi amepoteza saa 18. Kwa majuma manne ni saa 72, yaani siku 9 za saa nane nane. Kungojea stoo ya kampuni ni kazi, maana wakati huo fundi hawezi kwenda kwa mteja mwingine.

Kwa hiyo kila fundi awe na daftari. Kila jioni kabla ya kuondoka aandike tarehe, saa aliyoanza na aliyomaliza, mapumziko, kazi aliyofanya, saa alizongojea na sababu yake, na jina la aliyemwagiza. Msimamizi atie sahihi siku hiyo hiyo, kwani Jumamosi hakuna atakayekumbuka mambo ya Jumatatu. Ankara itolewe katika daftari hilo: iwe na nambari, tarehe, jumla ya saa, bei ya saa moja, gharama za vifaa peke yake, na siku ya mwisho ya kulipa. Iandikwe kwa karatasi ya kaboni, na nakala ya fundi itiwe sahihi ya kupokelewa.

Bei nayo isiwe mshahara wa zamani uliogawanywa kwa saa. Hapa Uganda mwajiri humtilia mfanyakazi asilimia 10 ya mshahara katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na mfanyakazi hukatwa asilimia 5. Anayehesabiwa mkandarasi hatiliwi kitu. Ugonjwa, nauli na spana ni juu yake, na bei yake lazima ivibebe vyote.

Daftari hilo lina kazi nyingine kubwa zaidi. Kwa jirani zetu Tanzania, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine. Saa 45 hazifiki hata siku sita za saa nane! Hapa kwetu, Kanuni za Ajira za mwaka 2011 ziliweka kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi minne apewe mkataba wa maandishi, na asiwe kibarua tena. Lakini saa na miezi hiyo itathibitishwa na nini, kama maandishi yote yako ofisini kwa mwajiri?

Wako wanaosema chama ni cha walio katika orodha ya mishahara, na makandarasi wajitetee wenyewe. Hatukubaliani nao. Mtu anayelipwa saa 6 kwa kazi ya saa 9 ni rahisi kuliko sisi, na mwajiri anajua kuhesabu. Kesho atakayetolewa katika orodha ni mimi au wewe.

Tunayataka matawi yote yaweke mambo mawili mezani katika majadiliano yajayo na waajiri: msimamizi atie sahihi daftari la fundi kila siku, na ankara ilipwe katika siku 30. Wakati huo huo, kila mmoja wetu anunue daftari, aanze kuandika leo.