Ujira wa Fundi Mitambo



Katika ukanda wetu huu, baina ya Handeni na Korogwe, tumezoea kuupima mkonge kwa hekta za shamba na tani za singa. Juma hili nawaalika tumtafakari mtu tusiyemhesabu: fundi mitambo, anayejipatia riziki kwa kuiwezesha korona kuzunguka.

Tangu Richard Hindorf alipouleta mkonge nchini mwaka 1893, zao hili limeishi kwa mashine. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Sehemu iliyobaki ni maji na nyama. Jani likishakatwa halingoji, kwa maana likinyauka singa zake ni taabu kusafishika. Korona ikisimama, mkataji, dereva wa trekta na mwanikaji wote husimama nayo.

Fundi ndiye ajuaye nafasi inayofaa mbele ya visu vya ngoma: ikibana mno singa hukatika, ikilegea nyama hubaki. Ndiye asikiaye beringi ikilia kabla haijavunjika, na ndiye apambanaye na maji ya mkonge, ambayo tindikali yake hula chuma.

Lakini kazi yake ikiwa njema, haionekani. Mashine haiharibiki, na mwenye mashine hujiuliza anamlipa fundi kwa lipi. Hivyo wengi huitwa wakati mambo yamekwisha haribika, iwe ni korona shambani au mashine ya kusaga mahindi kijijini, kisha hulipwa kwa siku hiyo moja. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twamlipa mjenga ukuta na kumsahau mziba ufa. Desturi hiyo humfanya fundi aishi kwa kutegemea uharibifu.

Tena huzaa haraka, na haraka hula vidole. Fundi anayeambiwa asizime mashine ili kazi isichelewe, anaombwa auweke rehani mkono unaowalisha watoto wake. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini fundi wa kuitwa, asiye na mwajiri, akiumia huuguzwa na jamaa zake.

Mwaka 1981, katika waraka Laborem Exercens, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba mtu afanyaye kazi hutangulia mtaji na vyombo vyote. Basi tuanze hapa: fundi alipwe kwa mwezi kwa ajili ya matunzo, na mashine izimwe kabla mkono haujaingia. Mwenye mashine ndogo atasema hana uwezo. Peke yake, huenda kweli hana. Lakini wenye mashine watatu au wanne wakichangiana, wanaweza kumtunza fundi mmoja, naye akazitunza mashine zao zote.

Nawatakieni Dominika njema.