Pipa moja linaua ubunifu wa vijana wetu
Na Mwanaidi Shomari

Vijana wetu wa vyuo vikuu husimama mbele ya majaji wa mashindano ya ubunifu wakionyesha namna ya kugeuza taka kuwa mali. Hupigiwa makofi, hupewa vyeti, kisha makombo ya bwalo lao yanapakiwa garini kwenda dampo kama kawaida. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ubunifu wenyewe unafanya kazi.

Chukueni funza lishe, mabuu wa nzi askari mweusi asiye na madhara kwa binadamu. Ukiwalisha ugali uliobaki na maganda ya ndizi, kwa takriban wiki mbili wamenenepa. Ukiwakausha, ni chakula cha kuku chenye protini nyingi. Masalia yao ni mbolea. Mfugaji anayehangaika na bei ya dagaa na soya haelezwi thamani ya chakula hiki mara mbili. Kwa chuo chenye mashamba na mifugo, kama Sokoine pale Morogoro, mteja wa kwanza yumo humohumo chuoni.

Ubunifu huu unakwama wapi? Simameni nyuma ya bwalo saa ya chakula cha mchana. Pipa ni moja. Mwanafunzi anakung'uta maharage, juu yake anatupa chupa ya maji, anayemfuata anamwagia mchuzi. Muokota chupa akifika anakuta plastiki iliyojaa mafuta, na mnunuzi wake hataki uchafu. Makombo nayo yamechanganyika na vifuniko ambavyo funza hawali. Vitu viwili vyenye soko vimeharibiana ndani ya pipa.

Kenya ilitunga sheria mwaka 2022 inayozitaka taasisi za umma na za binafsi kutenganisha taka zinazooza na zisizooza. Sisi Tanzania tulipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, na watu wakazoea kubeba vikapu. Sikubali kwamba mwanafunzi atashindwa mapipa mawili.

Kikwazo kikubwa ni mikataba. Mzoataka anayelipwa kwa tripu hana sababu ya kutamani taka zipungue. Mpishi naye hajaagizwa popote kutenga makombo. Hilo halirekebishwi na mradi wa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, bali na wanaosaini.

Wakuu wa vyuo, zabuni za mabwalo na usafi zikija mezani, andikeni kwamba mpishi atatenga makombo kwenye ndoo yenye mfuniko, na mzoataka atalipwa pia kwa kile anachookoa. Kisha wapeni banda na makombo ya bwalo moja vijana hao walioshinda, kwa muhula mmoja tu.